Maswali ya wasomaji: pezi la ubao wa tanga kwa wanaotaka mbio ziwani

Msimu wa mwera ukikaribia, barua za ubao wa tanga huongezeka, na safari hii karibu zote zinauliza kuhusu pezi. Kwa anayefungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza: pezi ni ule ulimi mgumu ulio chini ya ubao, upande wa tezi, unaouzuia ubao usisukumwe ubavu. Sehemu yake inayozama ndani ya ubao tunaiita shina, na tundu linalolipokea shina ni boksi. Maneno mengine ni yale yale ya mabaharia: omo ni mbele, tezi ni nyuma, joshi ni upande upepo unakotoka, demani ni upande unakoelekea. Kasi tunaihesabu kwa noti. Noti 1 ni kilomita 1.852 kwa saa.

Ugonile, mhariri. Nina ubao wa mkono wa pili, lita 115, upana sentimita 68, na tanga la mita za mraba 7. Uzito wangu ni kilo 78. Ubao ulikuja na pezi la plastiki la sentimita 42. Pale Matema napanda juu ya maji mapema kuliko wenzangu, lakini upepo ukikaza naachwa, tena na mtu mwenye tanga dogo kuliko langu. Ninunue pezi gani? (Msomaji, Kyela)

Ndaga kwa vipimo kamili. Bila vipimo tungebaki kukisia. Pezi lako ni refu mno kwa mbio. Kinachokupandisha mapema ndicho hicho hicho kinachokuchelewesha baadaye.

Pezi ni bawa lililozama. Maji yakilipita kwa pembe kidogo, husukuma upande mmoja, na msukumo huo hukua haraka sana: kasi ikiwa mara 2, msukumo unakuwa mara 4. Kwa hiyo sentimita 42 zinazokusaidia ukiwa na noti 10 zinakuwa mzigo ukifika noti 25. Eneo lote la ziada linakokota maji tu, na baya zaidi linaunyanyua ubao: ukingo wa joshi unainuka, omo inarukaruka, na wewe unalegeza tanga kwa hofu ya kupinduliwa. Mwenzako mwenye tanga dogo na pezi dogo hana hofu hiyo, kwa hiyo tanga lake limekazwa muda wote. Hapo ndipo anapokuacha.

Kwa kuanzia, zidisha ukubwa wa tanga kwa 5.5. Mita 7 zinakupa sentimita 38.5. Kisha pima kwa upana wa ubao: nusu ya upana, ongeza sentimita 2 hadi 4. Kwako nusu ni 34, hivyo unapata 36 hadi 38. Hesabu mbili zikitofautiana, anayetaka mbio achukue ile ndogo. Chukua 37. Siku mwera umeshika kwelikweli na umebadili tanga kuwa la mita 6, hesabu ile ile inakupa 33. Mapezi hayo mawili, 37 na 33, yatakutosha msimu mzima. Kama fedha inatosha pezi moja tu, nunua 36.

Usishuke zaidi ya hapo kwa tamaa ya kasi, na sababu iko kwenye ramani. Ufuo wa Matema uko ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, na mwera hutoka kusini mashariki. Upepo unakuletea mawimbi usoni. Ili upate nafasi ya kukimbia, lazima kwanza upige bisho, yaani upande kuelekea joshi hatua kwa hatua, ndipo ugeuze na kushuka kwa kasi ukiwa na upepo wa ubavuni na nyuma kidogo. Pezi dogo mno halipandi joshi. Utateleza ubavu kurudi mchangani kabla hujaanza mbio zenyewe.

Kuhusu malighafi, achana na plastiki. Tafuta G10, yaani mabamba ya nyuzi za kioo na epoksi yaliyobanwa pamoja kisha kuchongwa kwa mashine. Plastiki hujikunja ncha inapobanwa, na ikijikunja ovyo msukumo unapotea wakati unauhitaji. G10 nayo hujipinda, lakini kidogo na kwa mpango, ikirudi pale pale. Umbo liwe limeinama nyuma kidogo. Pezi lililosimama wima lina nguvu zaidi na hupanda joshi vizuri, ila kwenye mawimbi mafupi kama yale linakuwa kali mno mguuni.

Jambo moja ambalo wauzaji wa pwani hawatakuambia, kwa kuwa haliwahusu: ziwa letu lipo karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, na maji yake ni baridi ya kunywa, hayana chumvi. Hewa huku ni nyepesi kwa takriban asilimia 5, kwa hiyo tanga lako la mita 7 linasukuma kama la 6.7 lingesukuma pwani kwa upepo ule ule. Maji yasiyo na chumvi nayo ni mepesi kwa asilimia 2.5 kuliko ya bahari, kwa hiyo pezi linashika pungufu kidogo. Upungufu wa pili unafuta kama nusu ya ule wa kwanza, na kinachobaki ni kidogo. Vipimo vya pezi vilivyoandikwa kwa ajili ya bahari vinafaa Nyasa bila kubadilishwa. Kinachohitaji kuongezwa ni tanga.

Nimeletewa pezi la G10 kutoka Dar es Salaam, la boksi la Tuttle lenye bolti mbili. Linaingia lakini linacheza. Nikikaza bolti hadi mwisho bado linacheza. Fundi mmoja ameshauri nilipake gundi nilifunge moja kwa moja. (Msomaji, Mbeya mjini)

Tafadhali usipake gundi ndani ya boksi. Pezi litavunjika siku moja, na utalazimika kuuchonga ubao ili kulitoa.

Shina la Tuttle ni kabari. Ncha zake mbili, ya mbele na ya nyuma, zimekatwa kwa mshazari, na boksi lina mshazari ule ule. Bolti zikivuta, kabari inabanwa mbele na nyuma, na hapo ndipo uimara unapotoka. Dari la boksi halitakiwi kugusana na shina kabisa. Dalili unazoeleza zinaonyesha shina lako ni refu kwenda juu: linagonga dari kabla kabari haijabana. Unavyozidi kukaza, unazidi kulivuta pezi lisukume dari, na ncha zinabaki huru.

Hakikisha kwa chaki ya darasani. Paka shina lote: juu, mbele, nyuma na mbavuni. Ingiza, kaza kwa bisibisi ya mkono, kisha toa taratibu na utazame mahali chaki ilipofutika. Ikiwa imefutika juu na ncha za mbele na nyuma bado ni nyeupe, jibu umelipata. Unataka kujua kiasi? Kanda donge dogo la unga wa ngano, ukubwa wa punje ya harage, libandike juu ya shina, funga, fungua. Unene wa donge lililobanwa ndiyo nafasi iliyopo. Ikiwa limekuwa jembamba kama karatasi, nafasi hakuna. Unahitaji milimita 1 hadi 2.

Gundisha msasa namba 120 kwenye kipande cha ubao kilichonyooka, kisha sugua juu ya shina, nusu milimita kwa nusu milimita, ukipima kwa chaki kila mara. Usisugue mishazari ya mbele na nyuma. Ukiiharibu hiyo, pezi halitakaa tena. Vumbi la G10 ni nyuzi za kioo. Vaa barakoa, lowesha msasa kwa maji, na fanyia kazi nje. Vumbi hilo likikauka lihifadhi kwenye kichupa. Jibu linalofuata litaeleza kwa nini.

Kama chaki imefutika vizuri mbele na nyuma lakini pezi linacheza kushoto na kulia, basi shina ni jembamba. Kwa siku moja ya ziwani, safu moja ya utepe wa fundi umeme kila upande inatosha. Tiba ya kudumu ni epoksi: paka tabaka jembamba mbavuni mwa shina, liache saa 24 likauke nje ya boksi, ndipo ulisugue kwa msasa 240 hadi liingie kwa kusukumwa na kiganja.

Bolti ni za milimita 6, zenye uzi wa milimita 1. Zinapatikana maduka ya vifaa vya ujenzi, ila chagua za chuma kisichoshika kutu, na upake grisi kidogo. Urefu wake una maana: bolti iingie angalau mizunguko 6 ndani ya uzi, lakini isifike mwisho wa tundu. Ikifika mwisho utahisi imekaza kumbe haijavuta kitu. Kaza kwa zamu, nusu mzunguko mbele, nusu mzunguko nyuma. Mashine ya umeme isikaribie kabisa. Boksi hupasuka kimya kimya, na ufa huo ndio njia ya maji kuingia ndani ya ubao.

Kutoa kuna adabu yake pia. Legeza bolti zote mbili mizunguko 3, bisibisi ikiwa bado kichwani mwa bolti piga mpini wake kwa kiganja, bolti moja kisha ya pili. Kabari itaachia kwa mlio mdogo. Anayelishika pezi na kulitikisa kushoto na kulia anavunja boksi lake mwenyewe.

Mwisho, funga pezi, geuza ubao chali, chukua uzi usiovutika. Pima kutoka ncha ya pezi hadi ukingo wa kulia, kisha wa kushoto, pointi zile zile. Zikitofautiana zaidi ya milimita 3, pezi limeinama. Ubao utakwenda vizuri upande mmoja na kukusumbua mwingine. Rudi kwenye chaki.

(Wenye boksi la bolti moja, pawaboksi: shina lenu ni la umbo jingine na haliingiliani na Tuttle hata kwa msasa. Muulize muuzaji kabla ya kulipa.)

Nikiwa kwenye kasi, ghafla tezi inateleza pembeni kama gari kwenye matope, na ubao unageukia upepo. Inatokea upande mmoja tu, nikiwa nimeweka upepo kulia. Pezi ni la sentimita 34, tanga mita 6. (Msomaji, Matema)

Hapo pezi linaponyoka. Upande mmoja wa pezi una mgandamizo mdogo kuliko maji yanayolizunguka. Hewa ikipata njia ya kuteremka kutoka juu, inavutwa hapo na kulifunika pezi. Pezi lililovaa hewa halishiki maji.

Ukubwa wako ni sahihi. Kwa kuwa ni upande mmoja tu, tafuta kasoro iliyo upande mmoja. Lipapase pezi kwa mkono: funga macho na upitishe ukucha taratibu kwenye ukingo wa mbele, kutoka shina hadi ncha, kisha rudia ukucha ukiwa umeegemea kulia, halafu kushoto. Jicho linadanganyika na mng'ao, ukucha haudanganyiki. Ukinasa mahali, hata kidogo kama ncha ya kalamu, hapo ndipo hewa inapoanzia. Mawe yaliyo chini ya safu ya milima ya Livingstone yanang'oa vipande vya namna hiyo kwa mguso mmoja. Angalia pia pale pezi linapokutana na ubao. Shina likichomoza milimita moja, au kukiwa na mwanya, hewa inapita hapo vile vile.

Kuziba kovu: osha kwa sabuni, kausha, changanya epoksi ya mirija miwili na lile vumbi la G10 hadi iwe nzito kama siagi ya karanga, jaza kovu lifurike kidogo. Baada ya saa 24 sugua kwa msasa 240 uliozungushiwa kijiti, kisha 400, 600 na 800 kwa maji. Mwelekeo wa mkono ni kutoka mbele kwenda nyuma, jinsi maji yanavyopita. Ukingo wa mbele ubaki mviringo mwembamba. Wengi huunoa kama kisu wakidhani utakata maji. Ukingo mkali ndio unaoponyoka kwanza, kwa sababu maji hayawezi kuuzunguka pembe ikibadilika kidogo. Kung'arisha zaidi ya msasa 800 au 1000 hakuna faida utakayoihisi.

Kovu lisipoonekana, basi ni mguu. Kuna upande mmoja ambao kila mtu husukuma zaidi kwa mguu wa nyuma. Beba uzito kwenye hanesi, yaani mkanda wa kiunoni unaokuunganisha na tanga, mguu wa nyuma uvute kidogo kuja chini yako badala ya kuusukuma mbali, na epuka kulisukuma pezi kwa nguvu kabla ubao haujashika kasi. Likiponyoka tayari, legeza tanga kidogo, ondoa uzito mguu wa nyuma, uelekeze ubao demani hadi usikie tezi inashika tena. Kuendelea kusukuma ni kuongeza hewa.

Pezi langu linavuma kama nyuki ubao ukishika kasi. Je, limepasuka? (Msomaji, Tukuyu)

Si lazima. Vimbunga vidogo vya maji vinaachana na ukingo wa nyuma kwa zamu, kulia na kushoto, na kuutetemesha. Sugua ukingo huo upande mmoja tu kwa msasa 400, mshazari wa nyuzi 45 hivi, upana usiozidi milimita 1. Zamu zile zinavurugika na mlio unaisha. Mlio ukiendelea baada ya hapo, kagua bolti.

Nimesoma kwamba mabingwa wa mbio hutumia pezi fupi sana, tena lisilolingana pande mbili. Nami nichonge la hivyo? (Msomaji, Mbeya)

Ni kweli wanatumia, na wana mahali pake. Mwaka 2015, Antoine Albeau wa Ufaransa alifikia wastani wa noti 53.27 katika mita 500 huko Lüderitz, Namibia. Hiyo ni zaidi ya kilomita 98 kwa saa. Alikimbia kwenye mfereji uliochimbwa makusudi, maji yametulia, upepo mkali, kwa mwelekeo mmoja tu. Hapigi bisho kurudi; anatoka majini na kurudishwa nchi kavu. Kwa hiyo pezi lake linahitaji kushika upande mmoja, na upande wa pili unaweza kuchongwa tofauti ili kupunguza mkokoto, yaani maji kulivuta pezi nyuma. Wewe lazima urudi nyumbani kwa pezi hilo hilo. Lisilolingana litakuponyoka mara tu ukigeuza.

Cha kuiga kwao ni unene. Pima pezi lako kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, mahali penye unene mkubwa, karibu na shina, kisha gawanya kwa upana wa pezi hapo hapo. Ukipata kama 9 kwa 100, ni pezi la matumizi ya kawaida ya kasi. Linalokaribia 7 kwa 100 lina mkokoto mdogo lakini linaponyoka kirahisi likiwa bado halijashika kasi. Na ukijaribu pezi jipya, badilisha kitu kimoja tu. Kiguu cha mlingoti, pale mlingoti unapoungana na ubao, kibaki pale pale, bumu (mti unaoushika kwa mikono) kimo kile kile, tanga lile lile. Kimbia mara 5 na pezi la zamani, mara 5 na jipya, saa yenye GPS ikiandika wastani wa sekunde 10, maana kasi ya papo kwa papo inarukaruka na kukudanganya. Baada ya hapo ndipo usogeze kiguu: sentimita 1 kuelekea omo kama ubao unanyanyuka sana, sentimita 1 kuelekea tezi kama unahisi umenatia maji.

Kamwene. Sisi wa Iringa Nyasa ni mbali. Je, bwawa la Mtera linafaa kwa mbio, na pezi gani? (Msomaji, Iringa)

Kamwene. Maji ya bwawa ni tulivu kuliko ya Nyasa, na hilo mpenda mbio hulitamani. Lakini kuna mambo mawili ambayo hatutayapitia juujuu.

La kwanza ni viboko na mamba. Wapo. Mtu aliyeanguka katikati ya bwawa akisubiri upepo ni tofauti na mvuvi aliye ndani ya mtumbwi. Usiingie kabla ya kuzungumza na wavuvi wa eneo hilo asubuhi ile ile, na usiingie alfajiri wala jioni. Wakikukataza, rudi nyumbani na ubao wako.

La pili ni visiki. Bwawa lilifunika miti, na kina hupanda na kushuka kwa misimu. Kisiki kilichokuwa mita 2 chini ya maji mwezi wa tano kinaweza kuwa sentimita 30 chini mwezi wa kumi. Pezi la G10 la sentimita 37 likigonga kisiki kwa noti 20, pezi linaweza kupona, ila wewe utarushwa mbele na tanga, na boksi litapasuka. Tumia pezi la majani, lililoinama nyuma kwa nyuzi 45 au zaidi. Linateleza juu ya kizuizi badala ya kukipiga kifua, na nyuzi za nyavu na majani huteremka zenyewe hadi nchani. Ni fupi kwa kina lakini pana shinani; kwa tanga la mita 7 chagua lenye urefu wa sentimita 28 hadi 32. Litaponyoka mapema kidogo kuliko pezi la kawaida, kwa hiyo anza mbio taratibu, mguu wa nyuma ukiwa mwepesi.

Kabla ya kukimbia, pita njia yako yote kwa mtumbwi ukiwa na mti mrefu wa kupimia. Pasipo na mita 1 ya maji safi kutoka mwanzo hadi mwisho, weka alama ya chupa tupu iliyofungwa kwa jiwe, na usivuke alama hiyo. Ukimaliza, ondoa chupa zote, maana nyavu za watu zinapita hapo usiku.